Kabla ploti haijauzwa: Kuwinda maua ya porini Ruiru na Thika kwa lenzi ndefu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Ruiru ishaamka. Makanga wanaita abiria wa tao, mama wa uji ameshafungua thamosi yake, na wale wa treni wanaruka madimbwi mbiombio wasiachwe. Hakuna anayeangalia majani yaliyo kando ya reli. Nani ana muda huo? Lakini papo hapo, kwa dakika chache kabla jua halijakuwa kali, majani hayo yanawaka kama taa, na kila tone la umande lina jua lake dogo ndani. Ukiwa na kamera na lenzi ndefu, kazi inaanza hapo.

Makala haya ni ya wasee wenye kamera ya mtumba inayolala kwenye begi ikingoja harusi za Desemba, na pia wale ambao silaha yao ni simu tu. Nitaeleza nuru ya asubuhi inafanyaje kazi huku kwetu, lenzi ndefu inafanya nini hasa, mimea gani hufunguka mapema, na pa kuipata kati ya Ruiru na Thika. Kisha kuna jambo moja kuhusu picha hizi ambalo haliniachi nilale vizuri. Tutalifikia.

Huku hatuna saa ya dhahabu, tuna dakika 24

Video nyingi za kufundisha upigaji picha zimetengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wanakwambia uende nje saa ya dhahabu, unywe kahawa yako, uchague pembe bila haraka. Jaribu hivyo Thika uone.

Thika iko takriban digrii moja tu kusini mwa ikweta. Kwenye ikweta jua halipandi kimshazari, linapanda wima kama lifti, digrii 15 kila saa. Ile nuru laini ya manjano tunayoitafuta hupatikana jua likiwa chini ya digrii sita hivi juu ya upeo wa macho. Piga hesabu: dakika 24. London mwezi Machi jua hupanda likiwa limeinama, na nuru hiyo hiyo hudumu karibu dakika 40. Kwa hivyo mzungu wa YouTube hadanganyi, ila anaongea kuhusu jua la kwao.

Uzuri wa jua letu ni kwamba halibadilishi ratiba sana. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika kumi. Katikati ya Februari huchelewa hadi kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Tofauti ya nusu saa mwaka mzima! Sheria yangu ni moja: saa kumi na mbili kamili niwe nishafika, nishachagua mmea, nishajua jua litatokea upande gani. Ukianza kutafuta ua jua likiwa limeshatoka, unakimbiza matatu iliyoshatoka stejini.

Kuna sababu nyingine mbili za kuamka. Ya kwanza ni umande. Usiku usio na mawingu, majani hupoteza joto hadi yakawa baridi kuliko hewa iliyoyazunguka, na mvuke wa hewani unageuka matone juu yake. Ya pili ni upepo. Alfajiri hewa imetulia. Jua likishaipasha ardhi joto, hewa inaanza kupanda na kusukumana, na kufikia saa tatu kila ua linacheza mugithi.

Na Juni hadi Agosti je, wakati Kiambu yote imefunikwa na mawingu na jua linaonekana saa tano au halionekani kabisa? Usifungie kamera kabatini. Mawingu ni kama shuka kubwa linalotawanya nuru. Hakuna vivuli vikali, na rangi za bluu na zambarau hutoka safi kuliko kwenye jua la manjano. Utakosa ule mng'ao wa nuru ya kutoka nyuma, lakini utapata muda. Siku ya mawingu haina dakika 24, ina asubuhi nzima.

Lenzi ndefu inafanya nini?

Watu hudhani lenzi ya telefoto ni ya simba wa Maasai Mara na wachezaji wa mpira. Ua liko mita moja kutoka kwa pua yako, ya nini?

Jibu liko nyuma ya ua, si kwenye ua lenyewe. Chukua kamera ya kawaida ya anayeanza, yenye sensa ndogo. Tuseme kuna ukuta mita 30 mbele yako. Ukitumia lenzi ya milimita 18, ile inayokuja na kamera, utaona karibu mita 37 za ukuta huo. Ukitumia milimita 250, utaona chini ya mita tatu. Sasa fikiria huo si ukuta bali ni Ruiru: fleti, mabati, waya za stima, nguo zilizoanikwa, bango la kanisa. Kwa lenzi fupi vyote vinaingia kwenye picha. Kwa lenzi ndefu unahitaji kupata mwanya mmoja tu wa mita tatu ulio safi, ua lako likae mbele yake.

Halafu kuna kina cha fokasi, yaani ile sehemu inayoonekana wazi huku mbele na nyuma yake pakiwa na ukungu. Kwa milimita 250, tundu la f/5.6, ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa ua, sehemu iliyo wazi haizidi sentimita moja. Kila kitu kingine kinayeyuka kuwa rangi tu. Uzio wa michongoma unageuka pazia la kijani. Ndiyo maana picha za namna hii huonekana kama zimepigwa peponi.

Faida ya tatu ni umbali. Yungiyungi lililo katikati ya bwawa hulifikii kwa mguu. Maua ya Nandi flame yako juu ya mti. Na mmea wenye umande ukiugusa tu, matone yote chini.

Si lazima uuze figo. Lenzi yangu ni ya 55-250, ya mtumba, nililipa Sh14,000 baada ya kubishana na muuzaji hadi akachoka. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kuweka fokasi kwenye kitu kilicho karibu kuliko mita 1.1. Kwa maua madogo sana kuna pete tupu, zisizo na kioo, unazoweka kati ya kamera na lenzi ili usogee karibu zaidi. Ni bei ya chini, na zinafanya kazi.

Mambo ya kushika kabla hujatoka:

- Kasi ya shata. Kwenye sensa ndogo, 250 inatenda kama 400. Ukishika kamera kwa mkono, usishuke chini ya 1/400 ya sekunde. Lenzi yenye kituliza mtikisiko itakuruhusu kushuka zaidi, lakini kumbuka inatuliza mkono wako, haitulizi ua.
- ISO. Alfajiri ni giza. Panda hadi 800 au 1600 bila aibu. Picha yenye chembechembe ni afadhali kuliko picha iliyotikisika.
- Kiegemeo. Tripodi nzuri ni ghali. Mimi hubeba kifuko cha maharagwe, nusu kilo. Unakiweka juu ya jiwe au chini kwenye udongo, lenzi inalala juu yake, imetulia tuli. Beba pia gunia la kupigia magoti.
- Upande wa jua. Jiweke ili jua liwe nyuma ya mmea, nje kidogo ya fremu. Nywele za shina, miiba na mbegu za nyasi zote zitapata mstari wa nuru. Tafuta mandhari ya nyuma yaliyo kivulini, ndipo mmea uwake. Na usitazame jua lenyewe kupitia kitundu cha kamera yenye lenzi ndefu. Jicho halina mtumba.

Wa simu: kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta mara mbili au tatu, itumie, kisha rudi nyuma hatua moja. Ule uvutaji wa kutanua kwa vidole pekee mara nyingi ni kukata tu picha, hauongezi kitu.

Nani huamka na mapema?

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Kuna mimea huku kwetu ambayo ukilala hadi saa sita umeikosa.

Mfalme wao ni kongwe, ambayo Wakikuyu huiita mukengeria. Umeikanyaga mara elfu. Inatambaa kwenye mitaro na mashamba, na ua lake ni dogo, la bluu iliyokolea. Linafunguka asubuhi na kufikia mchana limejifunga, na kesho ni zamu ya ua jingine. Mkulima huiita gugu. Kwenye nuru ya saa kumi na mbili na nusu, bluu hiyo huioni kwingine mtaani.

Kisha kuna ndugu wa porini wa viazi vitamu, jamii ya Ipomoea, wanaopanda ua za watu na nyaya. Maua yao ni kama tarumbeta, ya zambarau au waridi. Nayo hufunguka alfajiri na kunyauka jua likipanda. Weka jua nyuma ya ua hili na utaona mistari yake ya ndani kama unatazama mkono wako mbele ya tochi.

Ukitaka mmea unaofaa lenzi ndefu bila vifaa vya ziada, tafuta Leonotis. Shina limesimama wima, na kila baada ya nafasi lina mpira wenye miiba uliojaa maua ya machungwa. Mpira mmoja una upana wa sentimita kadhaa, unajaa fremu vizuri. Kaa kimya dakika tano na huenda chozi akaja kunywa asali. Hapo utashukuru kwamba uko mita tatu nyuma.

Tunguja, au mutongu, ina miiba, maua ya zambarau na matunda ya manjano ambayo si ya kuliwa. Kishona nguo, mucege, ile inayopanda suruali yako, ina mbegu zenye ncha ndogo zilizopinda. Zipige dhidi ya jua na utaelewa kwa nini haziachi nguo. Na zile nyasi zenye vichwa vya rangi ya waridi zinazomea kwenye ploti tupu na kando ya Thika Road, mwanga ukizipiga kutoka nyuma zinakuwa kama moshi wa waridi. Hizo ndizo huanza nazo nikimfundisha mtu, kwa sababu zipo kila mahali na hazina jinsi ya kukuangusha.

Si kila cha porini ni chetu. Lantana na yale maua makubwa ya manjano ya Tithonia yalitoka Amerika. Yote mawili yamejisambaza kando ya barabara kana kwamba yana hati miliki. Yapige picha, ni mazuri, ila ujue ni wageni, na lantana ikishaingia hubana wenyeji wakakosa nafasi.

Pa kwenda, kutoka Ruiru hadi Kilima Mbogo

Ruiru, anza na kando ya reli, kingo za Mto Ruiru, na njia za umma zinazopita kwenye mipaka ya mashamba ya kahawa. Mji huu una jina kubwa kwenye kahawa. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilizaliwa kwenye kituo cha utafiti hapa. Kati ya mistari ya kahawa magugu hufyekwa, lakini pembezoni yanaachwa, na pembezoni ndipo kwetu.

Juja ina machimbo ya zamani ya mawe ambayo yamejaa maji. Matete yamemea, na kwingine yungiyungi. Piga kutoka mbali. Kingo zake zinabomoka na maji yana kina kirefu.

Thika, nenda mahali mito ya Chania na Thika inapoporomoka karibu na hoteli ya Blue Posts, iliyokuwepo tangu 1908. Rasharasha za maji hulisha kangaga na mimea ya kwenye miamba, na asubuhi baridi mvuke hukaa hewani ukionyesha miale ya jua. Juu, angalia miti. Thika ilijulikana duniani kwa miti ya maua mekundu kupitia kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959, The Flame Trees of Thika. Kutoka chini, milimita 250 itakuletea vikombe vya maua ya Nandi flame hadi uone ukingo wake wa manjano.

Ukiwa na nauli, endelea na barabara ya Garissa hadi Fourteen Falls kwenye Mto Athi. Ni pazuri, na panauma. Athi hupokea maji ya mito ya Nairobi, na taka zetu zote huja nayo. Utaona povu na chupa za plastiki zimenasa kwenye mizizi ile ile yenye maua. Ng'ambo kidogo kuna Mbuga ya Kitaifa ya Ol Donyo Sabuk, yaani Kilima Mbogo, iliyotangazwa 1967, yenye kilele cha mita 2,145. Jina si mapambo: mbogo wapo. Usizurure peke yako ukifuata ua, ulizia askari wa wanyamapori getini.

Jina lake nani?

Sikusomea botania. Chuo chenyewe nilikiacha mwaka wa pili, karo na mfuko wa nyumbani vilipokataa kuelewana. Majina haya nimeyapata kwa shosho wa mtoni.

Kuna mmoja hukata majani ya sungura kando ya mto asubuhi ninazokuwa nimelala kifudifudi kwenye gunia langu.

"Kijana, hiyo mukengeria unaipiga picha ya nini? Hiyo ni ya sungura."

"Ni ua lake nalipenda, shosho. Angalia."

Akachukua kamera, akatazama kile kioo cha nyuma kwa muda. "Kumbe ina nywele hapa katikati," akasema. Miaka yake yote na mmea huo, hakuwahi kuuona ukubwa huo. Kuanzia siku hiyo ananionyesha mwenyewe: huu tulikuwa tunasugulia vyungu, huu mbuzi hawali, huu ulikuwa mwingi hapa kabla ya hizo nyumba. Maneno hayo ya mwisho huyarudia sana.

Njia ya pili ni programu ya iNaturalist, iliyoanza 2008. Unapakia picha, inasoma tarehe na mahali, inakisia jina, halafu watu wanaojua mimea wanathibitisha au kukusahihisha. Ni bure. Lakini kuna kitu itakufundisha haraka: ile picha yako tamu ya ua likielea kwenye ukungu haitoshi. Watakuuliza, jani liko wapi? Shina likoje? Liko upande upande au mkabala?

Hilo si jambo geni. Joy Adamson, ambaye dunia inamjua kwa simba Elsa, alianza jina lake Kenya kwa kuchora maua. Mume wake wa wakati huo, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea kwenye makumbusho ya Nairobi. Mwaka 1947 chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza kilimtunuku medali ya dhahabu kwa michoro hiyo. Thamani yake haikuwa urembo tu. Ilikuwa kwamba unaweza kuutambua mmea kutoka kwenye karatasi. Leo Nairobi ina hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, yenye takriban vielelezo milioni moja. Mkusanyo huo ulianzia Amani, Tanzania, mwaka 1902. Kila jani lililobandikwa mle lina karatasi: limechumwa wapi, lini, na nani. Bila karatasi hiyo, ni jani kavu tu.

Picha inayoficha

Sasa lile jambo nililoahidi.

Kuna picha yangu ya Leonotis dhidi ya jua ambayo watu huipenda sana. Kila nikiiweka mtandaoni swali ni lile lile: "Hii ni Aberdare? Ni Mlima Kenya?" Ni nyuma ya fleti, Ruiru. Upande wa kushoto kulikuwa na rundo la mchanga, kulia choo cha mabati cha mafundi, na jiwe la mpaka hatua mbili kutoka kwa mmea. Lenzi ndefu ilikata vyote. Ilipata mwanya wake wa mita tatu.

Mwaka uliofuata ploti ile ilizungushiwa mabati na sasa ni ghorofa sita. Hakuna aliyelalamika. Angelalamika nani? Kila aliyeona picha ile alidhani pori liko mlimani, mbali, mahali pa kulipiwa getini. Hakuna aliyejua kwamba lilikuwa hapo alipokuwa akipita kwenda stejini.

Huo ndio ujanja wa lenzi hii. Inakuonyesha uzuri wa mahali huku ikikuficha ni mahali gani. Na huku kwetu mahali panabadilika kwa kasi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 239,000 mjini Ruiru. Ya 2019 ikakuta zaidi ya 490,000. Katikati ya hizo mbili, Novemba 2012, Thika Road yenye njia nane ilizinduliwa, na bei ya kila ploti kandokando ikapanda nayo. Tatu City peke yake imepangwa kwenye ekari 5,000 zilizokuwa kahawa.

Sitajifanya mtakatifu. Mimi mwenyewe nalala kwenye fleti iliyosimama juu ya shamba la kahawa la zamani, na kahawa nayo ilikuja ikafyeka kilichokuwepo. Watu wanahitaji pa kulala. Lakini kati ya mashamba yaliyoisha na fleti ambazo hazijajengwa kuna miaka michache ambapo ardhi inakaa tu, ikimea itakavyo. Ziko pia kingo za mito, ambazo sheria inasema ziachwe wazi. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 kila mtu alikumbuka kwa nini. Kwa mitaa yetu, hilo ndilo pori lililobaki. Halina geti, halina tiketi, na likienda hakuna taarifa ya habari.

Kwa hivyo siku hizi kila mmea naupiga mara tatu.

Picha ya kwanza ni ya moyo: lenzi imevutwa hadi mwisho, jua nyuma, ukungu wa rangi. Hiyo ya kuweka ukutani.

Picha ya pili ni ya jina: jani, shina, mmea mzima kutoka juu hadi chini, kila kitu wazi. Haina likes. Ndiyo itakayomwambia mtu wa makumbusho kilichokuwa hapa.

Picha ya tatu ni ya mahali: rudisha lenzi hadi 55, au toa simu, urudi nyuma hatua kumi. Ingiza fleti, mabati, bango la "Plots for Sale", nyaya, wewe na gunia lako ukitaka. Ua liwe dogo pale chini. Andika tarehe na jina la mtaa.

Zikiwekwa pamoja, mtu wa mtaa anatambua kona yake. Nimeona watu wakiandika chini yake, "Manze, hapa ni kwetu!" Hakuna aliyewahi kuniandikia hivyo kwa picha ya kwanza peke yake.

Kabla hujatoka

Machache ya usalama. Enda na mtu, kamera na giza la alfajiri si marafiki. Ukikutana na soja wa ploti, salimu kwanza, kisha muonyeshe picha: "Habari ya asubuhi, mzee wangu. Ni hili ua tu." Wengi hucheka na kukuonyesha jingine. Akisema toka, toka. Usielekeze lenzi ndefu upande wa kambi za jeshi, na Kahawa na Thika zote zinazo. Kwenye Athi, kaa mbali na ukingo, kuna sehemu zenye viboko na mamba. Vaa gamubuti, nyoka naye hupenda jua la asubuhi.

Na usichume. Usivunje tawi la mbele ili picha iwe safi, lisukume kando kwa mkono kisha liachie. Mwenye lenzi ya milimita 250 hana kisingizio cha kung'oa kitu.

Jumamosi hii, kabla ya kushika gari kwenda kutafuta pori kwingine, zunguka nyumba yako. Tafuta ploti iliyo na jiwe la mpaka na bado haina mabati. Saa kumi na mbili kamili uwe hapo. Utapata kongwe, utapata mucege, pengine utapata kitu ambacho hata shosho wangu hakijui. Kipige mara tatu, uandike tarehe. Na kama kuna shosho karibu anayekata majani ya sungura, muulize kinaitwaje.